Raskolnikov alikiri, lakini alijuta wapi?

karani_wa_mizani

Wakuu, habari za asubuhi. Leo Mtwara hakuna mnada, ghala limetulia, nimekaa juu ya rundo la magunia matupu ya juti na kitabu mapajani. Ni mara ya pili nakimaliza, na mara hii nimekimaliza na hasira.

Kitabu chenyewe ni Crime and Punishment cha Mrusi Fyodor Dostoevsky. Kilitoka vipande vipande kwenye jarida mwaka 1866. Humu nitakiita Uhalifu na Adhabu ili twende sawa. Kwa ambao hamjakisoma: kuna kijana wa miaka 23 anaitwa Raskolnikov, alikuwa anasoma sheria akaacha kwa ukata, amepanga kachumba ka juu kabisa ghorofani mjini Petersburg, kodi anadaiwa, kula kwake kwa kubahatisha. Kuna kibibi, Alyona Ivanovna, anakopesha kwa rehani. Kijana anampelekea saa ya fedha ya marehemu baba yake. Kibibi anaithamini rubli moja na nusu, hapo hapo anakata riba ya mwezi, anakata na riba ya deni la nyuma, kijana anashuka ngazi na rubli moja na kopeki 15. Mtu wa Tandahimba akifika hapo hahitaji kutafsiriwa. Huyo ni kangomba kabisa, wale wanaomkopesha mkulima wakati wa njaa na kulipwa korosho, tofauti yake hapimi korosho kwa bakuli.

Basi kijana anajishonea kitanzi ndani ya koti cha kuning'inizia shoka, amekwisha kuhesabu hatua kutoka kwake mpaka kwa kibibi, 730, anaenda, anaua.

Sasa hoja yangu. Kila ninayeongea naye ananiambia hiki ni kitabu cha majuto, eti nafsi ilimsuta mpaka akajipeleka polisi. Mimi nasema jamaa hakujuta. Alikiri, akafungwa miaka minane ya kazi ngumu Siberia, na huko Siberia bado hakujuta. Si maneno yangu, mwandishi analisema waziwazi kwenye ile sehemu ya mwisho ambayo wengi huipitia mbio wakidhani hadithi imeshaisha. Anasema kijana alijikagua vikali na dhamira yake haikuona kosa lolote la kutisha katika yaliyopita, labda kuteleza tu, kuteleza kunakoweza kumpata yeyote. Kosa moja analikubali: kwamba alishindwa kulibeba jambo lake, akaenda kujisalimisha!

Nawasilisha. Wenye kitabu tubishane, wasio nacho kaeni siti za mbele.

Mwamba_wa_Mikindani

Dada karani, kitabu umekisoma au umekipima kwenye mizani? Mtu anaitwa polisi kwa deni la kodi tu, anasikia askari wanaongelea mauaji, anazimia palepale. Anaumwa siku kadhaa, anapayuka usingizini, hali, hanywi. Hiyo kama si nafsi inamsuta ni malaria?

karani_wa_mizani

Ni woga, kaka. Mwizi wa kuku akisikia mbwa anabweka naye hutoka jasho.

Angalia alichokuwa anapayuka. Rafiki yake Razumikhin anamsimulia alipozinduka: ulikuwa unataja hereni, mikufu, mlinzi wa nyumba, majina ya maofisa wa polisi, ukalilia soksi yako, ukadai upewe nyuzi za pindo la suruali. Soksi na pindo ndipo damu ilipoingia. Yaani mtu yuko kwenye homa na bado anapitia orodha ya vielelezo. Jina la marehemu humo halimo.

Halafu mbele kidogo, akiwa na akili zake, anasema namchukia yule kibibi, angefufuka ningemuua tena. Nionyeshe anayejuta akasema hivyo.

korosho_ghafi

Naomba nitofautiane na wote wawili. Majuto ya nini kwa kangomba?

Nyumbani kwetu Newala, mwezi wa pili njaa ikibisha hodi, baba alikuwa anakwenda kwa mama mmoja hivi. Anapewa debe la mahindi na hela ya madaftari yetu. Hakuna karatasi, hakuna sahihi. Mwezi wa kumi yule mama anakuja na bakuli lake na vijana wawili, anakaa kwenye kiti chetu, chetu kimoja hicho hicho, baba amesimama. Anapima korosho bakuli limejaa mpaka zinamwagika, na zinazomwagika hazirudi kwenye hesabu. Nilikuwa na miaka tisa, kazi yangu ilikuwa kuokota zilizomwagika na kuzirudisha kwenye lundo LAKE.

Msimu wa 2018 serikali iliposema inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, jeshi likaja kubeba, na mashamba yakahakikiwa ili kangomba wasilipwe, mimi nilicheka peke yangu kama chizi. Siungi mkono kuua. Ila mtu akiniambia amemuua yule mama na halali usingizi, ningemwambia lala.

Mwamba_wa_Mikindani

Mkuu pole. Ila hapo ndipo kijana mwenyewe alipoanzia. Amekaa kwenye kilabu anamsikia mwanafunzi mmoja anamwambia ofisa: muue kibibi, chukua fedha, saidia watu mia, uhai mmoja kwa mia, ni hesabu tu. Na kijana mwenyewe alikuwa ameshaandika makala kabisa kwamba watu wako wa aina mbili, wa kawaida, na wale wa daraja la akina Napoleon ambao damu wanaruhusiwa kuivuka.

korosho_ghafi

Hesabu mbaya iko wapi? Nauliza tu.

mpita_njia_Lindi

PDF mwenye nayo?

wakili_asiye_na_kanzu

Nimekaa na uzi huu tangu asubuhi, kesi yangu imeahirishwa, acha nichangie.

Mnauliza kama alijuta. Mahakama ya kule kwenye kitabu iliuliza hivyo hivyo, na jibu lake liko kwenye ile sehemu ya mwisho, mlango wa kwanza. Anaulizwa nini kilikusukuma kukiri. Anajibu kavu: kujuta kwa dhati ya moyo. Mwandishi hapo hapo anaongeza kwamba majibu hayo yote yalikuwa karibu na ufedhuli. Kurasa chache mbele anatuambia huyo mtu hakujuta. Kwa hiyo dada karani ana ushahidi mzuri kuliko alioutumia: mshitakiwa alisema mahakamani kwamba amejuta, na msimulizi anamkanusha.

Na lilimsaidia. Miaka minane kwa mauaji ya shoka ni kidogo, alipunguziwa kwa sababu alikiri mwenyewe, fedha hakuzigusa, na mashahidi walieleza wema wake wa zamani. Kwetu asingepata nafasi hiyo. Ukitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kina adhabu moja tu, kunyongwa. Jaji hana pa kuyaweka machozi yako hata ungelia damu. Ni kweli tangu 1994 hakuna aliyenyongwa, lakini hukumu inasomwa vilevile. Majuto yana kazi kwenye kuua bila kukusudia, pale jaji ana uwanja wa kupima. Hapo ndipo utawaona wanalia kizimbani. Nimesimama pembeni ya wengi. Wapo wanaolia kweli. Mmoja niliyemtetea alikuwa analia kila tarehe ya kesi, na kila tukitoka nje ananiuliza swali lilelile, "Wakili, jaji ameniona?"

ustaadh_wa_Chikongola

Assalamu alaykum wana uzi. Lugha yetu imeshawapa jibu, nyinyi mnalizunguka. Kukiri ni kwa mdomo. Kuungama ni kukiri mbele ya anayeweza kukusamehe. Kujuta ni moyo. Kutubu ni moyo pamoja na vitendo. Kijana wenu alifanya la kwanza.

Sisi tumefundishwa kwamba majuto ni toba, maana yake bila hayo hakuna kitu. Uache dhambi, uijutie, uazimie kutoirudia, na ikiwa kuna haki ya mja, uirudishe. Yeye vitu vya kibibi alivifukia chini ya jiwe uani kwa watu, pochi hata hakuifungua ahesabu. Wakili anasema hilo lilimpunguzia kifungo. Kwenye mizani ya toba halimpunguzii chochote, maana hajarudisha, ameficha tu. Mali ya watu chini ya jiwe bado ni mali ya watu.

Ila namwonea huruma kwa jambo moja. Kitabu kinasema alitamani majuto. Alitamani yamjie yale yanayochoma moyo na kufukuza usingizi, hata yale ya kumpeleka mtu kwenye kitanzi, angeyafurahia, maana machozi nayo ni uhai. Hayakuja. Hiyo kwangu ndiyo adhabu iliyo kwenye jina la kitabu.

Mwamba_wa_Mikindani

Ustaadh umenigusa. Nashusha tanga nusu.

msomaji_wa_Masasi

Hata yule wa riwaya ya Mfaransa anayempiga mtu risasi ufukweni Algeria kwa sababu ya jua, naye...

karani_wa_mizani

Huyo mfungulie uzi wake mkuu, tutakuja wote. Hapa tutachanganya mafaili.

Bi_Mitumba

Hamjambo wanangu. Mimi ni mtu wa kusoma tu humu, leo naandika.

Hiki kitabu nilisomewa na binti yangu mwaka juzi, Ramadhani, kila baada ya futari sura moja, yeye anasoma Kiingereza ananigeuzia. Nimeusoma uzi wenu wote. Dada karani umeeleza saa, riba, kitanzi cha koti, hatua mpaka 730. Wakili ameeleza kesi. Ustaadh ameeleza toba. Korosho pole sana mwanangu, hilo la kuokota limeniliza.

Ila nauliza. Waliokufa mle ndani ni wangapi?

karani_wa_mizani

...

wakili_asiye_na_kanzu

Bi mkubwa, hapo umetufunga kamba wote.

mpita_njia_Lindi

Sijaelewa. Si kibibi?

Bi_Mitumba

Kibibi ana mdogo wake, baba mmoja, anaitwa Lizaveta. Miaka 35, mrefu, mpole kupitiliza, akili yake ya taratibu. Anamfanyia dada yake kazi kama mtumwa na anapigwa. Na kazi yake ya nje ndiyo yangu mimi, anauza nguo kuukuu za watu. Familia ikifilisika inamwita, anachukua magauni anatafuta mnunuzi, bei hapandishi, hatapeli. Ndiyo maana nimemshika.

Yule kijana alisikia sokoni Lizaveta akialikwa mahali kesho yake saa moja jioni, akajua kibibi atakuwa peke yake. Akaenda. Akaua. Yuko chumba cha ndani anapekua, anasikia nyayo. Anatoka anamkuta Lizaveta amesimama katikati ya chumba na furushi kubwa mkononi, mweupe kama shuka, anamtazama dada yake sakafuni. Hakupiga kelele. Shoka linapopanda hata uso hakujikinga, aliinua tu mkono wa kushoto kidogo akaunyoosha mbele, kama unavyomwambia mtu nenda huko.

Binti yangu alipofika hapo akafunga kitabu, tukala daku bila kuongea.

Sasa nyie wasomi mnabishana kama kangomba alistahili au hakustahili, kijana alijuta au hakujuta. Na furushi la yule binti mmelipita mlangoni.

karani_wa_mizani

Shikamoo mama. Nimekaa nusu saa sijui niandike nini. Nimepanda juu nikasoma tena bandiko langu: "anaenda, anaua". Sikusema hata nani. Nimekisoma mara mbili jamani, na nimekuja kumshitaki mtu kwa kutojuta huku mimi mwenyewe nimeacha maiti moja nje ya hati ya mashitaka.

Nimerudi kwenye kitabu, jioni nzima natafuta Lizaveta tu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, ile hesabu ya yule mwanafunzi kilabuni, uhai mmoja kwa mia. Korosho umeuliza hesabu mbaya iko wapi. Mwanafunzi huyo huyo, kabla ya kufika kwenye hesabu, alikuwa anamsimulia mwenzake jinsi Lizaveta anavyoonewa. Lizaveta ni mmoja wa walioletwa kuonyesha ubaya wa kibibi, tuseme ni mmoja wa wale mia. Hesabu inaanza tu kufanyiwa kazi, mmoja wa mia kashapasuliwa paji la uso. Na kibibi alipigwa kwa kisigino cha shoka, makali yaliwekwa kwa Lizaveta. Hilo nalo nilikuwa sijaliona.

Pili, kuna mahali kijana amelala mgonjwa, wenzake wanaongelea mauaji, mtumishi Nastasya anadakia kwamba hata Lizaveta ameuawa. Kijana ananong'ona, Lizaveta? Nastasya anamwambia si yule anayeuza nguo, alikuwa anakuja hapa chini, hata wewe aliwahi kukushonea shati lililochanika.

Shati lake alishonewa na yeye! Na mnajua kijana anafanya nini? Anageukia ukutani. Karatasi ya ukuta ni ya njano chafu ina maua meupe. Anachagua ua moja baya baya, anaanza kuhesabu lina petali ngapi, kingo zake zina mikato mingapi, mistari mingapi.

Tatu, na hili ndilo limenimaliza. Pale pale anaposema kibibi angefufuka ningemuua tena, mstari ule ule nilioutumia kumzima kaka Mwamba juu huko, unaofuata ni huu kwa maneno yangu: maskini Lizaveta, kwa nini aliingia? Ajabu, kwa nini simfikirii kabisa, kama vile si mimi niliyemuua? Nilinukuu nusu nikaacha nusu. Nilichukua kibibi nikaacha Lizaveta, kama alivyofanya yeye.

korosho_ghafi

Bi Mitumba samahani. Mimi nilikuwa namwona yule mama wa bakuli tu. Nimekumbuka alikuwa anakuja na msichana wa kumbebea magunia, anakaa nje chini ya mkorosho, hatukuwahi kumpa hata maji. Sijui aliishia wapi.

Mwamba_wa_Mikindani

Naomba nirudishe tanga. Mwisho wa kitabu je? Kule Siberia, asubuhi, ukingoni mwa mto, anaanguka miguuni kwa Sonya analia. Yule binti aliyemfuata mpaka jela. Mwandishi anasema ni mwanzo wa maisha mapya. Mtu analia vile bila majuto?

wakili_asiye_na_kanzu

Soma aya zinazofuata, mkuu. Usiku ule anawaza, na yote yaliyopita, hata uhalifu wake, hata hukumu na kifungo, anayaona kama jambo la nje, geni, kama vile halikumtokea yeye. Analia kwa mapenzi, sawa, na mapenzi ni kitu kikubwa. Ila marehemu hawapo ukingoni pale. Hata kwa Sonya alipokiri mara ya kwanza alimwambia nimeua chawa tu, na baadaye, nilijiua mimi, si kibibi. Marehemu mkuu wa kesi hii kwake ni yeye mwenyewe.

Dostoevsky jela aliijua. Alisimamishwa mbele ya bunduki Desemba 1849, dakika ya mwisho ikaja amri ya kubadilishwa adhabu, akapelekwa Omsk miaka minne ya kazi ngumu. Aliishi na wauaji bega kwa bega. Nadhani ndiyo maana hakumpa kijana wake majuto ya bure, lakini hapo nakisia.

ustaadh_wa_Chikongola

Mwamba usivunjike moyo, mwandishi anasema ni mwanzo. Mlango wa toba haufungwi kwa aliye hai. Huenda yakaja baada ya ukurasa wa mwisho, miaka saba ilikuwa imebaki.

karani_wa_mizani

Ustaadh, kama yatakuja nadhani najua yatapitia wapi. Ile Injili iliyo chini ya mto wake wa kulalia, ambayo mpaka kitabu kinaisha hajaifungua, ni ya Sonya, ndiyo ile aliyomsomea habari za Lazaro kufufuliwa. Rudi nyuma sasa, Petersburg, siku ile anasomewa. Kijana anamuuliza umeitoa wapi. Sonya anajibu, Lizaveta aliniletea. Walikuwa marafiki, walikuwa wanasoma pamoja.

Kwa hiyo kila usiku Siberia kichwa chake kiko juu ya kitabu cha yule aliyemshonea shati.

Mwamba_wa_Mikindani

Duh.

mpita_njia_Lindi

Jamani mimi bado nataka PDF, sasa zaidi ya asubuhi.

Bi_Mitumba

Wanangu mmenifurahisha, nilidhani mtanijia juu. Nimefungua belo jipya asubuhi hii, mashati ya kiume. Kuna moja la buluu, kwapani lilichanika likashonwa kwa mkono, si cherehani, mishono midogo midogo imebanana na uzi umetafutwa wa rangi ile ile. Wateja wameligeuza wakaliacha kwa sababu ya ule mshono. Nimelitoa kwenye lundo nikalitundika nyuma yangu, bei sijaliwekea.

karani_wa_mizani

Mama, Jumamosi ghala linafungwa mapema, nitapita. Ni saizi gani?